Anzeni Mlangoni, Redio Itafuata

Hotuba kwa mafundi wa umeme wa magari, madereva na wenye magari, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu wa maduka ya vipuri, ndugu zangu madereva wa daladala na wa watalii, nanyi vijana mliomaliza mafunzo juzijuzi: habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote nitakayoyasema yanaliegemea hilo. Mteja akija kwako akalalamika kwamba redio ya gari lake haina sauti nzuri, usikimbilie kumuuzia redio nyingine, wala sabufa. Fungua mlango kwanza. Katika gari lililotoka kiwandani, mlango ndio boksi la spika, na kwa magari yetu mengi boksi hilo liko wazi. Ukiweka spika ya bei mbaya kwenye boksi lililo wazi, umemla mteja hela na sauti yake hajaipata.

Nianze na fizikia kidogo, maana bila hiyo tutaishia kubishana. Kila fundi hapa anajua kwamba spika ya nyumbani ukiichomoa kwenye boksi lake, besi inapotea na inabaki sauti nyembamba. Sababu ni kwamba koni, ule uso wa spika unaotetema, ikisukuma hewa ya mbele, wakati huohuo inaivuta ya nyuma. Ni mawimbi mawili yaliyo kinyume, na yakikutana yanauana. Sauti za juu haziumii sana, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi na huenda moja kwa moja mbele. Inayoumia ni besi. Sauti ya hezi 100, ambayo ni ya kawaida tu kwenye gitaa la besi, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 3.4. Wimbi refu namna hiyo linazunguka kila kona. Likipata tundu la ukubwa wa kiganja ndani ya mlango linapita hapo, linakutana na lile la mbele, na besi inakufa kabla haijamfikia dereva. Mteja anaongeza sauti, redio inaelemewa, sauti inapasuka, kisha tunamwambia spika zimekufa. Spika zenyewe mara nyingi ni nzima.

Tundu hilo limetoka wapi? Chukueni Toyota yoyote iliyotumika Japani, iwe IST, Noah au Prado. Ukitoa kava la mlango unakuta bati la ndani lina nafasi kubwa za kupitishia mkono kufikia mashine ya kioo na loki. Kiwanda kilizifunika kwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Nailoni ile ina kazi mbili. Inazuia maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango yasiingie kwenye zulia, na inasaidia kutenganisha hewa ya mbele ya spika na ya nyuma. Gari likifika kwetu, siku moja kioo kinagoma. Fundi wa vioo anaichana nailoni, anatengeneza kioo vizuri kabisa, anarudisha kava, na nailoni inabaki sakafuni. Baadaye loki inagoma, na mlango wa pili nao unachanwa. Gari likifika kwa mwenye nalo wa tatu halina nailoni popote. Mwenye gari haoni kitu, maana kava limekaa vizuri na skrubu zote zipo. Anachojua ni kwamba mvua kubwa ikinyesha zulia linalowa, na kwamba muziki umepoa siku hizi. Hajui kama hayo mawili yana chanzo kimoja. Hilo linaniuma, kwa sababu kipande cha nailoni nzito na dakika chache zingetosha kumwondolea adha zote mbili.

Dawa nzuri zaidi ni zile karatasi za butili, yaani mpira laini unaonata, zenye foili ya aluminiamu upande mmoja. Nawaomba msizichanganye na tepu ya lami inayouzwa kwa ajili ya kuziba mabati ya nyumba. Kwa macho zinafanana sana, lakini lami ikiwa ndani ya mlango wa gari lililoegeshwa juani mchana kutwa inalainika, inatoa harufu, na mwisho inaporomoka juu ya mashine ya kioo. Butili inastahimili.

Kabla ya kubandika, safisha bati kwa spirit mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vumbi letu la huku ni laini na linaingia popote, na butili haishiki juu ya vumbi. Anza na bati la nje, lile linaloonekana ukichungulia kupitia yale matundu. Huna haja ya kulifunika lote. Robo ya eneo lake, hasa katikati, inatosha kuutuliza mtetemo. Gonga kwa kidole kabla na baada ya kubandika: kwanza utasikia bati likilia, kisha utasikia mlio mfupi, mzito, unaokatika. Kandamiza kwa rola, au kwa mgongo wa kijiko, mpaka alama za foili zilale.

Kisha rudi kwenye bati la ndani uyazibe matundu makubwa. Tundu pana usilizibe kwa butili peke yake, kwani itabonyea. Kata kipande cha bati jembamba au plastiki ngumu, kifunge kwa skrubu, kisha ziba kingo zake kwa butili. Na fundi atakayekuja baada yako kutengeneza kioo aweze kukifungua bila kuchana kitu. Mfikirie na yeye.

Chini kabisa ya mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Msiviguse. Ukiviziba, mvua za masika zitajaa ndani na mlango utaoza kwa kutu. Vilevile pandisha na shusha kioo mpaka mwisho kabla ya kurudisha kava, uhakikishe hakuna butili inayogusa kioo, nyaya za loki wala fimbo zake.

Spika nayo iketi juu ya kitu kigumu. Spika nyingi za Toyota za mlangoni ni za sentimita 16 hivi, na fremu yake ya plastiki imeundwa pamoja na kiti chake. Ukiweka spika ya dukani unahitaji pete ya kuiinua, la sivyo sumaku itagonga kioo kikishuka. Wengi wanakata pete kwenye mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa sababu zinakatika kirahisi. Zikipata maji zinavimba na kusambaratika, na ndani ya mlango maji hayakosekani. Nendeni soko la Kilombero mkanunue ubao mnene wa plastiki, ule wa kukatia mboga. Haunyonyi maji, haupasuki, unashika skrubu. Halafu weka pete ya sponji kati ya uso wa spika na kava, ili sauti itokee kwenye wavu wa kava, isibaki ikizungukazunguka nyuma yake.

Hakikisheni pia chanya na hasi. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya za spika mara moja. Chanya ikiwa kwenye chanya, koni inatoka nje. Fanya hivyo kwa kila spika, maana gari lililokwisha kupita kwenye mikono mingi lina waya zenye rangi za kila namna na rangi pekee hazitoshi kuaminiwa. Spika moja ikiwa kinyume na mwenzake, besi inaliwa katikati ya gari na sauti ya mwimbaji haieleweki imetokea wapi.

Sasa fanya kitu ambacho mafundi wengi hawakifanyi. Mrudishie mteja spika zake zilezile za kiwandani, mwashie wimbo wake, umwache asikilize. Usimuuzie kitu kingine siku hiyo mpaka asikilize. Wako watakaosema hapo panatosha, na mteja wa namna hiyo atakuletea ndugu zake wote. Yuko pia atakayetaka zaidi, na sasa atakuamini.

Kabla ya kumpa zaidi, tazama muziki wake unatoka wapi. Hapa nitapita haraka, lakini msipadharau. Wimbo uliotumwa na kutumwa tena kwa WhatsApp hauwezi kurudishiwa kilichokwisha kukatwa, hata gari liwe na spika za dhahabu. Mwambie atafute faili nzuri, alizonunua au kunakili kutoka kwenye CD, azitie kwenye flashi. Akitumia Bluetooth, sauti ya simu aipandishe karibu na mwisho, halafu arekebishe kwa redio. Simu ikiwa chini na redio juu, anachoongeza ni kelele.

Kuna kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha wimbo wa simu kwenda kwenye redio kwa masafa ya FM. Kimesaidia watu wengi na sikibezi. Ila FM ya stereo inaishia hezi 15,000, na masafa yaliyo matupu ukiwa Boma Ng'ombe yanaweza kuwa na kituo ukifika Usa River. Redio ikiwa na tundu la AUX, waya mmoja tu unamaliza adha hiyo.

Na redio zetu nyingi zina tatizo la kuzaliwa. Japani FM ilikuwa megahezi 76 hadi 90, na baadaye ikasogezwa hadi 95. Sisi tunatangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana tunafunga kile kisanduku kwenye waya wa eriali kinachoshusha masafa ili vituo vyetu viingie. Kinasaidia, lakini vituo vinabanana na mkwaruzo unaongezeka, na namba inayosomeka kwenye redio siyo ya kituo. Mteja ambaye maisha yake ni redio, anayesikiliza taarifa ya habari, mpira na mahubiri ya asubuhi, huyo kubadilishiwa redio ni haki yake. Hapo siwezi kuwaambia muanze na mlango.

Neno la tahadhari kwa redio zilezile: nyingi zenye ramani, ukichomoa betri ya gari zikiwaka tena zinadai namba ya kufungulia, na baadhi zinagoma kabisa kadi ya ramani isipokuwepo. Kabla hujagusa nguzo ya betri, muulize mwenye gari kama namba anayo na kadi iko mahali pake. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka getini kwa jambo hili.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndipo watu wanadanganywa zaidi. Usoni mwa redio pameandikwa 50W mara 4. Fanyeni hesabu. Injini ikiunguruma, alternata inatoa volti 14 hivi, na redio haina kifaa cha kuzipandisha. Kwa spika ya omu 4, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, kikomo cha redio hiyo ni kama wati 25, nazo ziko kwenye ukingo wa kupasuka. Sauti safi ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Ile 50 ni ya kilele tu.

Kwa hiyo anayemuuzia mwenye redio ya kiwandani spika iliyoandikwa wati 500 hamsaidii. Kuna namba nyingine kwenye boksi, imeandikwa kwa maandishi madogo: desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1. Hiyo ndiyo ya kusoma. Spika ya desibeli 90 ukiilinganisha na ya 87, tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuiongezea redio nguvu mara mbili, na hujabadilisha redio. Spika nyepesi yenye namba kubwa hapo, ikiwekwa kwenye mlango uliozibwa, inaimba vizuri kwa redio ileile ya kiwandani.

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, isikae chini magotini. Sauti za juu zinakwenda kama tochi, zinaishia kwenye suruali ya dereva. Ipandishe karibu na kioo cha pembeni. Ila usiifunge juu ya nguzo yenye maandishi ya airbag, kwani siku ya ajali itakuwa risasi.

Na kwenye redio yenyewe, zimeni yale mapambo ya kuiga mwangwi wa ukumbi na wa uwanja wa mpira. Rudisheni besi na treble sifuri, halafu mkitaka kurekebisha, punguzeni kinachokera badala ya kuongeza kinachokosekana. Ukipandisha besi kwa desibeli 10 umeidai redio nguvu mara kumi kwenye sauti hizo. Haina.

Amplifaya nitaigusa kwa upande wa usalama, kwa sababu gari likiungua hatuzungumzii muziki tena. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi iliyofungwa kule nyuma karibu na amplifaya hailindi waya unaopita chini ya zulia. Panapopita kwenye ukuta wa injini pawe na mpira wa kulinda waya usikatwe na bati. Waya uwe wa shaba. Sokoni kuna waya mnene, mzuri kwa macho, ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache. Unapitisha umeme pungufu sana kuliko shaba ya unene uleule, na unapata moto. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Athi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, iwe fupi, na rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Ule mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta, mara nyingi chanzo chake ni athi mbaya, au waya wa sauti uliolazwa sambamba na wa umeme. Wa sauti upitishe upande wa kushoto wa gari, wa umeme upande wa kulia. Wenzangu wa magari ya watalii, hata waya wa eriali ya redio kolu uwekeni mbali na waya za sauti.

Hasi za spika za redio za sasa msiziunganishe pamoja, wala msizigusishe na bodi. Kwenye redio za zamani ilikuwa kawaida. Kwenye hizi, kila waya wa spika una umeme wake, na ukiugusisha na bati unaichoma redio. Amplifaya nyingi za sasa zinapokea waya za spika moja kwa moja kutoka redio ya kiwandani, kwa hiyo hakuna haja ya kukata soketi ya Toyota. Nunueni soketi ya kuunganishia, ili siku moja gari lirudi lilivyokuwa.

Kile kirekebishi cha amplifaya kilichoandikwa gain si cha sauti. Kinalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Kama amplifaya ni wati 50 kwa omu 4, zidisha 50 kwa 4, upate 200, tafuta kipeuo cha pili: kama 14. Chomoa spika, cheza mlio wa majaribio wa hezi 1,000, weka redio robo tatu ya sauti yake, ongeza gain taratibu mpaka mita ya umeme iliyo kwenye waya za spika isome volti 14 za AC. Acha hapo. Spika za mlangoni zikatiwe besi chini ya hezi 80 kama kuna sabufa ya kuibeba. Zitapumua.

Sasa nizungumze na madereva na makonda, na hili nalisema kwa kuwapenda. Kwa nini mnaongeza sauti gari likitembea? Kwa sababu kelele ya matairi na ya injini ya dizeli ni nzito, inafunika besi, na sikio linadai zaidi. Mlango uliozibwa unapunguza kelele hiyo pia. Hapo ndipo kazi hii inapolipa mara ya pili. Wataalamu wa afya ya kazi wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa usalama unapungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Konda wa Hiace anayekwenda na kurudi Moshi tangu alfajiri ameketi karibu na spika siku nzima. Masikio yakiharibika kwa kelele hayana fundi. Mimi nataka konda huyo, akiwa mzee, amsikie mjukuu wake akimwamkia.

Mwezi wa Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam itajaa tena familia zinazorudi Machame, Marangu, Rombo na huku kwetu. Ni zaidi ya kilomita 550 mpaka Moshi. Mama ana kwaya yake, baba anataka habari, watoto wana zao. Kwenye gari ambalo maneno yanasikika vizuri, sauti inakaa chini na watu wanazungumza juu yake. Magari hayo yataanza kupita kwenye gereji zetu kuanzia Novemba kwa ajili ya sevisi. Wakati gari lipo juu ya jeki na mnatazama breki, fungueni na mlango mmoja.

Nimesema mengi, na fundi hujifunza kwa mikono. Nje kuna Noah ambayo mwenyewe ameturuhusu. Mlango wa mbele wa kushoto tutauziba sasa hivi, wa kulia tutauacha ulivyo, spika zilezile pande zote. Halafu tutacheza wimbo mmoja, sauti isiguswe, tugeuze balansi upande mmoja na mwingine. Msikilizaji akae katikati ya kiti cha nyuma, asije akapendelea upande ulio karibu naye, na aliyeshika balansi asiseme amegeuza wapi. Wimbo mtachagua ninyi. Vijana, njooni na bisibisi za nyota na vile vibanduo vya plastiki. Bisibisi bapa ziacheni ndani, zinakwangua kava.